Yesu Ndiye Aliyebaki Kuwaaga Watu

Shalom wapendwa, Bwana Yesu asifiwe sana. Neno letu wiki hii ni Marko 6 kuanzia mstari wa 30 mpaka wa 46, na nawaomba msome yote, msiishie kwenye muujiza wa mikate mitano kulisha watu elfu tano kama tulivyozoea, maana ninachotaka kukisema kiko kwenye mistari miwili ya mwisho, pale ambapo wengi tunafunga Biblia tukidhani stori imeisha.

Naandika hasa kwa walimu wa Sande skuli na wote mnaosaidia idara ya watoto. Wazee na wazazi msipite tu, na nyie mtajikuta humu.

Tuko katikati ya samma, yaani majira ya joto. Ndugu zetu walioko nyumbani wakisikia samma ya Marekani wanajua watu wamekaa kivulini wanakula aiskrimu, kumbe kwa kanisa la wahamiaji kama letu huu ndo msimu mzito kuliko hata Krismasi. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani kutwa nzima, baba katoka shifti ya usiku amelala, mama kaondoka alfajiri kwenda kazini weahausi (ghalani), na deikea (malezi ya kulipia) ya watoto wanne inameza mshahara wote, sasa hao watoto waende wapi, wanakuja kanisani. Kwaiyo kuna VBS (shule ya Biblia ya watoto wakati wa likizo) wiki nzima, kuna kempu ya vijana, kuna konferensi, harusi kila Jumamosi (nani atafunga ndoa Januari kwenye theluji), pati za graduesheni, tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, kila uani moshi wa nyama, na hapohapo nusu ya walimu wamekata tiketi kwenda Kigoma, Bujumbura, Nairobi kuwaona wazazi ambao hawajawaona miaka. Hatuwalaumu, waende kwa amani watusalimie. Ila wanaobaki ni walewale, na wale walewale ndo nawaandikia.

Mstari wa 30 mitume wanarudi kwa Yesu wanampa ripoti ya yote waliyofanya na kufundisha, maana aliwatuma wawili wawili. Lakini angalia Marko ameiweka wapi hiyo ripoti. Imekuja mara tu baada ya habari ya Yohana Mbatizaji kukatwa kichwa gerezani. Hiyo huwa tunaisahau tukihubiri mikate mitano. Hawa watu walikuwa wamechoka na juu ya uchovu kulikuwa na msiba, na Yesu mwenyewe alifiwa, Yohana alikuwa ndugu yake.

Hapa naomba tukae kidogo. Kati yetu kuna mwalimu aliyefiwa na mzazi mwaka huu na hakwenda kuzika, makaratasi hayaruhusu, ukitoka hurudi. Alizika kwa video, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji mezani, mtandao unakatika, anasikia kilio alafu picha inaganda. Jumapili yake alikuwa mbele ya watoto anapiga makofi na kuruka, na sisi tukasema huyu dada ana nguvu sana, Mungu ampe maisha marefu, tukampa na darasa la pili. Sidhani kama ni mmoja tu. Kanisa la wahamiaji limejaa watu walioweka msiba wao pembeni kwa sababu kesho kuna zamu.

Sasa Yesu akipokea ripoti hakuuliza mlipata wangapi. Alisema, “Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo.” Na Marko anatoa sababu ya kawaida kabisa, kwamba watu walikuwa wengi wakija na wakienda hata nafasi ya kula haikuwepo. Mwalimu wa VBS anaijua hiyo hali vizuri, umegawa juisi na chipsi kwa watoto wote, umekumbuka nani ana aleji ya karanga, saa tatu usiku unafika nyumbani ndo unagundua toka asubuhi tumboni kuna kahawa tu.

Wakapanda chombo wakaenda. Wakifika, makutano wameshatangulia kwa miguu wako pale wanawasubiri! Mapumziko yakaishia baharini. Yesu akawahurumia wale watu kwa sababu walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji, akaanza kuwafundisha mambo mengi, mpaka jua likaelekea kuzama.

Wanafunzi wakamwambia waage watu waende wakajinunulie chakula. Nimesikia mahubiri mengi yakiwasema hawa wanafunzi kuwa hawakuwa na huruma, na mimi sikubaliani nayo. Walikuwa na njaa, muda ulikuwa umekwenda kweli, mahali pale ni nyika, walichosema ni busara ya kawaida. Yesu naye hakuwakemea, aliwaambia tu, “Wapeni ninyi chakula.” Wakapiga hesabu pale pale, dinari 200, na dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku nzima, kwaiyo ni zaidi ya nusu mwaka wa jasho. Kamati ya fedha inaijua sauti hiyo.

Injili ya Yohana ndo inatuambia chakula kilitoka wapi, sura ya 6 mstari wa 9, “Yupo hapa mtoto, ana mikate mitano ya shayiri na samaki wawili.” Shayiri ni mkate wa maskini. Na kinachonichekesha kidogo ni kwamba Mathayo akihesabu watu siku ile anasema wanaume kama 5,000, bila wanawake na watoto. Yaani aliyeleta chakula hayumo kwenye hesabu.

Na kwa watoto wetu habari ya chakula ni habari ya kweli, sio mfano. Wakati wa shule wengi wanakula asubuhi na mchana bure shuleni. Shule ikifungwa sahani hizo mbili zinaondoka, na mzazi haongezewi mshahara. Sasa walimu naomba muwaambie wazazi jambo hili maana wengi hawajui au wanaogopa: kuna programu ya serikali ya shirikisho inayotoa chakula cha bure wakati wa samma kwa watoto wote mpaka miaka 18, kwenye vituo vya wazi kama maktaba, bustani, shule na hata makanisa. Kwenye vituo hivyo vya wazi mtoto haulizwi kitambulisho wala makaratasi ya uhamiaji wala mshahara wa baba yake, anafika anakula. Mara nyingi inabidi ale palepale, habebi nyumbani, kwaiyo msigombane na wahudumu. Na tangu 2024 kuna majimbo yanayotoa dola 120 kwa kila mtoto anayestahili kwa ajili ya chakula cha samma, hiyo muulize shuleni kwenu. Kanisa nalo linaweza kuomba kuwa kituo. Wamama wetu wanapika vizuri sana, hilo halina mjadala, lakini sio lazima kila mtoto wa VBS alishwe kwa mkono wa mama mmoja aliyeamka saa kumi usiku kukaanga maandazi alafu saa moja yuko kazini.

Na VBS hii yenyewe mjue haikuanza kwa ajili ya watoto wa matajiri. Mwaka 1898 pale New York mama mmoja anaitwa Eliza Hawes aliona watoto wa wahamiaji wanazurura mitaani upande wa mashariki wa jiji wakati wa likizo, akakodi ukumbi wa kuuzia bia kwa sababu ndo ulipatikana, akawafundisha humo Biblia na nyimbo na kazi za mikono. Ukumbi wa bia wapendwa. Sisi tunalalamika besimenti ina joto.

Kabla ya kugawa, Yesu aliwaketisha watu kwenye majani mabichi, makundi ya mia mia na hamsini hamsini. Utaratibu ulitangulia. Najua wapo wanaonung'unika kuhusu fomu, kuhusu kuchunguzwa rekodi zako polisi kabla hujagusa darasa, na kuhusu ile sheria kwamba hakuna mtu mzima mmoja kukaa chumbani na watoto peke yake hata akiwa mchungaji, wanasema tunaonekana kama wezi. Mimi naiunga mkono asilimia mia na sitaijadili hapa.

Sasa mstari wa 45. Watu wameshiba, vikapu 12 vimejaa, na Marko anasema mara Yesu akawalazimisha wanafunzi wapande chombo watangulie ng'ambo, “wakati yeye alipokuwa akiwaaga makutano.” Mstari wa 46, alipokwisha kuagana nao akaenda mlimani kuomba.

Mmeona nani kabaki?

Hebu fikirini kuaga watu zaidi ya elfu tano ni kazi ya namna gani. Huyu anataka aombewe kidogo tu dakika moja, huyu kapoteza kiatu, mama kule haoni mtoto wake wa tatu, wazee wameanza mazungumzo upya kama vile ndo wamefika. Na Yohana anasema watu wale walitaka kumshika wamfanye mfalme kwa nguvu, kwaiyo walikuwa na mzuka, sio watu wa kuondoka haraka. Yesu alikuwa amefundisha kutwa, alikuwa na msiba moyoni, na kazi ya mwisho ile isiyo na utukufu wowote akaichukua yeye. Hakusema Petro na Andrea mtamalizia mimi naenda kuomba. Aliwaondoa wafanyakazi kwanza.

Tena aliwalazimisha. Ina maana hawakutaka kwenda, na hapo nawaona walimu wetu kabisa, “hapana mtumishi, tutafagia tu kidogo, tutapanga viti, we nenda.” Ile ahadi ya mstari wa 31 ya kupumzika ilikatizwa mchana kutwa, yeye hakuisahau, jioni akaidai mwenyewe kwa niaba yao.

Msinielewe vibaya, safari yenyewe haikuwa starehe. Baharini upepo ukawa wa mbisho, wakapiga makasia usiku kucha. Ila Marko anaandika kwamba Yesu akiwa nchi kavu aliwaona wakitaabika, akawafuata. Basi hata ukimpumzisha mwalimu usidhani umemaliza, mpigie simu, msiba wake haukubaki kanisani.

Sasa kwetu ikoje? Programu ikiisha wazazi wengine wanachelewa, sio kwa uzembe, shifti imeongezwa au basi limechelewa. Anayebaki paking akiwasubiri ni mwalimu yuleyule, mtoto wake mwenyewe kalala kwenye kiti cha gari mdomo wazi, simu ina chaji asilimia mbili, na sisi viongozi tuliosalimia kwa maiki mwanzoni tumeshafika nyumbani tunakula sombe. Nasema kwa heshima zote kwa wazee wangu, na mimi ni kiongozi humo humo, lakini kwa Marko 6 kiongozi ndo wa mwisho kuondoka. Na tukiwaona wamechoka tunawaambia Mungu atawalipa mbinguni. Atawalipa ndiyo. Ila wale wa Galilaya walipewa chombo jioni ileile.

Kwa walimu pia kuna jambo. Yupo yule ambaye hajawahi kukataa zamu, ukiandika kwenye grupu “nani anaweza?” jina lake linatokea kabla hujaweka simu chini. Huyo tusisubiri aombe likizo, hataomba. Ondoeni jina lake kwenye ratiba ya Julai wiki mbili, akikasirika mwambieni ni mimi.

Na vijana wetu wa miaka 14, 15, wale tunaowaona wanakaa nyuma na simu, wapewe kazi ya kweli. Watoto wadogo ukiwauliza kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiingereza, hawa wanajua kucheza pande zote mbili, wanajua nyimbo, wana mbio. Mkate wa shayiri uko mikononi mwao na sisi tunazunguka tunahesabu dinari. Ila watu wazima msitumie hiyo kama njia ya kutoroka, kijana anasaidia, hashiki darasa peke yake.

Tuombe wiki hii kwa ajili ya walimu wenye msiba walioshindwa kusafiri, tuwataje kwa majina tukiwa faragha. Tuombe kwa ajili ya wazazi walio shifti za usiku wasisinzie barabarani. Tuwaombee walimu walioko safarini Afrika warudi salama.

Alafu kuhusu Ijumaa ya kufunga VBS, nimeshaongea na baba mchungaji na baraza la wazee. Watoto wakimaliza kuimba saa mbili usiku, walimu wote mnakabidhi madarasa na orodha za majina pale mezani, mnaenda. Mchungaji, mimi na wazee ambao fomu zao zimeshapita ndo tutakaa na watoto mpaka mzazi wa mwisho afike, hata ikiwa saa nne, na viti tutakunja sisi. Mzazi unayejua utachelewa tuma ujumbe mapema tumwekee mtoto wako chakula. Chakula cha walimu kitatengwa kabla ya watoto kuanza kula, kitaandikwa majina, mama mchungaji amesema ni ugali, kuku wa kuchoma na mboga, na mwalimu atakayeonekana ameshika ufagio baada ya saa mbili na nusu tutamsindikiza mpaka kwenye gari.