Wanyama hakuja Montreal kustaafu

Nina binamu yangu Kakamega ambaye kila tukiongea kwa simu, tukishamaliza habari za shamba na za shangazi, lazima amwingize Victor Wanyama, mwanasoka wetu, nahodha wa zamani wa timu ya taifa ya Kenya aliyetoka Uingereza akaja klabu ya hapa Montreal mwaka 2020. Ati kijana alipotea siku aliyokubali kuja Canada. Kwake yeye, mchezaji akishatoka Uingereza ni sawa na karani wa benki aliyeacha kazi Nairobi akaenda ng'ambo kuogesha wazee. Hilo la kuogesha wazee ananilenga mimi, maana ndiyo kazi inayonilisha hapa Montreal, na inayomlisha yeye pia mvua zikichelewa. Tumezoeana hivyo. Ila la Wanyama nimechoka kulisikia. Yeye alimtazama kwenye televisheni akiwa Tottenham ya London, mimi nimemtazama kwa macho yangu akiwa hapa, na naona hatuzungumzii mtu mmoja.

Wanyama ni mtoto wa Muthurwa, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa reli karibu na katikati ya Nairobi. Alizaliwa Juni 1991 katika familia ambayo mpira ulikuwa humo ndani kabla yake. Baba yao, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards. Kaka yake ni McDonald Mariga, mchezaji mpira pia, na dada yao Mercy amecheza mpira wa kikapu. Kijana akapita Kamukunji High, Nairobi City Stars na Leopards yenyewe, na Mei 2007, kabla hajatimiza miaka 16, akaichezea Harambee Stars, timu ya taifa, dhidi ya Nigeria. Binamu yangu, shabiki wa kufa na kuzikana wa Ingwe, yaani hao hao Leopards, hapo hutikisa kichwa kwa fahari kana kwamba yeye ndiye aliyemnunulia viatu.

Mambo ya kuondoka hayakunyooka. Alimfuata Mariga hadi Helsingborg, Uswidi, akaingia timu ya vijana. Mariga alipochukuliwa na Parma ya Italia mwaka huo huo wa 2007, mdogo mtu akarudi nyumbani. Watu husahau hapo. Kurudi Nairobi kutoka Ulaya mikono mitupu ukiwa na miaka 16, mtaa mzima unajua ulikuwa umeenda, si jambo dogo. Najua wanaume wazima waliorudi hivyo wakahamia mji mwingine wasionane na majirani. Yeye aliondoka tena 2008, safari hii Antwerp, Ubelgiji, kwenye klabu ya Germinal Beerschot. Akakaa huko misimu 3 akicheza kwenye baridi mbele ya watu ambao Kenya waliijua kwa wakimbiaji tu. Mimi naamini yule Wanyama tuliyemjua baadaye alitengenezwa Antwerp, si Glasgow ya Uskoti alikokwenda kupata jina.

Sasa suala la karatasi, ambalo kila mtu wa ughaibuni atalielewa bila kufafanuliwa. Januari 2010 Manchester City walimtaka Mariga. Klabu zilishakubaliana, mchezaji yuko tayari, nyumbani tunashangilia kwamba Mkenya wa kwanza anaingia Ligi Kuu ya Uingereza. Kibali cha kazi kikakataliwa. Si kwa sababu ya miguu yake, bali kwa sababu Uingereza wakati huo ilitaka mchezaji wa kutoka nje ya Ulaya awe amecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu yake ya taifa, na timu yenyewe iwe ndani ya 70 bora kwenye orodha ya FIFA. Kenya tulikuwa mbali huko chini. Mariga akaenda Inter Milan, na msimu huo huo Inter wakabeba Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo mwenyewe hakukosa chakula. Lakini fikiria hiyo hukumu: unafanya kazi yako vizuri, halafu unakataliwa kwa sababu ya nafasi ya nchi yako kwenye jedwali. Mimi niliposubiri cheti cha Quebec, ambako jimbo hujichagulia wahamiaji wake na Kifaransa chako kinahesabiwa pointi, nilimfikiria Mariga mara nyingi kuliko nilivyofikiria sarufi.

Victor aliingilia mlango wa Uskoti. Mwaka 2011 kocha Neil Lennon alimchukua Celtic ya Glasgow kwa takriban pauni 900,000, akavaa jezi namba 67, heshima kwa kikosi cha Celtic kilichoshinda Kombe la Ulaya mwaka 1967. Tarehe 7 Novemba 2012 Barcelona walikuja Glasgow, wiki ambayo klabu ilikuwa inasherehekea miaka 125. Dakika ya 21, kona ya Charlie Mulgrew, Wanyama akapanda juu ya Jordi Alba na kukandamiza kichwa. Tony Watt akaongeza la pili, Messi akarudisha moja mwishoni, ikaisha 2-1. Barcelona walikuwa na mpira karibu mechi nzima, na ndiyo maana naipenda mechi ile kuliko bao lenyewe: dakika 90 za kukimbia bila mpira, kuziba, kusogea hatua 2 kushoto, kurudi. Bao ndilo linalorudiwa YouTube. Kazi haimo.

Julai 2013 Southampton walilipa pauni milioni 12.5, kiasi ambacho hakuna klabu ya Uskoti iliyokuwa imewahi kupokea kwa mchezaji mmoja, na Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mlango uliofungwa usoni mwa kaka, mdogo akaupita miaka 3 na kitu baadaye. Southampton aliacha bao moja la ajabu kule Hull, Novemba 2014, kutoka mbali sana baada ya kipa kuutoa mpira ovyo, na aliacha pia kadi nyekundu 3 katika msimu mmoja wa 2015-16. Mashabiki wake hawapendi hilo la kadi litajwe. Mimi nalitaja, kwa sababu kiungo mkabaji asiye na kadi mara nyingi ni kiungo anayefika amechelewa, au asiyefika kabisa.

Kisha Tottenham, 2016, na kocha Mauricio Pochettino aliyemjua tangu Southampton. Msimu wa 2016-17 alicheza mechi 36 za ligi kati ya 38, Tottenham wakamaliza wa pili kwa pointi 86, na siku uwanja wa White Hart Lane ulipoagwa, Mei 2017, yeye ndiye aliyefunga bao la kwanza dhidi ya Manchester United. Mwezi uliofuata alikuwa Dar es Salaam mapumzikoni, na meya wa Ubungo akaupa mtaa mmoja jina lake. Kibao hakikumaliza hata saa 24, kikaondolewa, jina la zamani likarudi. Watanzania marafiki zangu bado wanacheka, na mimi nawaruhusu, kwa sababu tarehe 27 Juni 2019 Cairo, Wanyama akiwa nahodha, tuliwafunga 3-2 kwenye Kombe la Afrika baada ya wao kutangulia mara 2. Hapo tumelipana.

Agosti 2017 goti likamkorofisha. Alirudi, na Februari 2018 akiwa ametoka benchi muda mfupi tu uliopita, akafyatua lile kombora la Anfield, uwanja wa Liverpool, ambalo wengi tunalo kwenye simu. Lakini mwili ulikuwa umeshasema neno lake. Kazi ya namba 6, kiungo mkabaji, ni ya magoti: kusimama, kugeuka, kugongana, kuanza tena, kila dakika, miaka nenda rudi. Mei 2019 alianza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa kule Amsterdam dhidi ya Ajax na kutolewa mapumziko, Tottenham wakiwa nyuma. Wenzake wakapindua matokeo bila yeye. Fainali ya Madrid, dhidi ya Liverpool, alikaa benchi dakika zote. Aliyefunga bao la pili la Liverpool usiku ule alikuwa Divock Origi, Mbelgiji mtoto wa Mike Okoth, aliyekuwa wa Harambee Stars. Yaani fainali ya Ligi ya Mabingwa ilikuwa na familia 2 za mpira wa Kenya, mmoja akiwa amevaa bendera ya nchi nyingine na mwingine hakuingia uwanjani.

Hapo ndipo binamu yangu anapofunga kitabu. Mimi ndipo ninapokifungua.

Wanyama alisaini hapa mwanzoni mwa Machi 2020, chini ya kocha Thierry Henry. Siku chache baadaye ligi, hii MLS ya Marekani na Canada, ikasimama kwa ajili ya korona. Mwaka ule sitaki kuueleza sana. Kwenye makao ya wazee ya Quebec hali ilifika pabaya hadi jeshi likaletwa kusaidia, nasi tulikuwa humo ndani. Timu nayo ikawa haina kwao. Mpaka wa Marekani ukiwa umefungwa, klabu ya Montreal ililazimika kucheza mechi zake za nyumbani New Jersey, na mwaka uliofuata ikaanzia Florida. Nahodha wa Kenya, aliyekuja Canada, akiishi hotelini Marekani. Wakenya wa hapa tuliuliza, utani nusu, kama huyu mtu kweli amehamia au ni tetesi.

Aliporudi, Julai 2021, tukaanza kwenda. Uwanja wa Saputo ni mdogo, watu wasiofika 20,000, unashuka treni ya chini kwa chini kituo cha Viau na kutembea. Umesimama kwenye kivuli cha uwanja mkubwa wa Olimpiki ya 1976, ile ambayo Kenya na Tanzania ziligoma pamoja na nchi nyingi za Afrika kwa sababu New Zealand walipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi. Filbert Bayi wa Tanzania na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 hakukimbia humo. Mzee mmoja ninayemhudumia kazini alikuwa na tiketi ya riadha mwaka ule, na akijua natoka Afrika Mashariki huniuliza habari za Bayi kana kwamba tulisoma darasa moja.

Kwenye jukwaa tulikuwa mchanganyiko: Wakenya wachache, jamaa wa Bujumbura, wawili wa Goma, Kiswahili cha kila namna na Kifaransa juu yake. Mpira ukitulia kidogo, ungesikia mtu anapiga kelele, "Kaka, geuka!" halafu Wakanada wanageuka wao. Kutoka pale karibu na mstari, nilichokiona televisheni ilikuwa imeninyima. Kabla pasi haijamfikia, Wanyama alikuwa ameshatazama begani mara 2. Anapokea kwa mguu wa mbali, mpinzani anakuja na kasi na kumgonga mgongoni, na anayeyumba ni mpinzani. Anatoa pasi ya mita 5, rahisi, ya kuchosha kuitazama, halafu anamnyooshea kidole kijana wa pembeni yake mahali pa kusimama. Mmoja wa vijana hao alikuwa Ismaël Koné, aliyeuzwa Watford mwisho wa 2022. Jamaa wa Bujumbura alisema, "Ndugu yangu, huyu hakimbii, ila yuko kila pahali." Kukimbia hakukimbia kama zamani, kweli. Hakuhitaji.

Novemba 2021 Montreal walibeba kombe la Canada kwa kuwafunga Toronto 1-0 nyumbani, bao la Romell Quioto, kengele ya uwanjani ikagongwa, na ukitaka kujua furaha ya Montreal wafunge Toronto. Msimu wa 2022, chini ya kocha Wilfried Nancy, walipata pointi 65 na kumaliza wa pili kanda ya mashariki, msimu bora kuliko wowote waliowahi kucheza kwenye ligi hii. Huyo aliyepotea alikuwa katikati ya timu hiyo. Alikaa hadi mwisho wa 2024, misimu 5, mingi kuliko aliyokaa klabu nyingine yoyote. Machi 2025 akaenda Dunfermline, daraja la pili Uskoti, kwa Lennon yule yule. Hapo sina ubishi na binamu: hilo lilikuwa la kumalizia, na goti lilijua.

Nilichomuuliza binamu mara ya mwisho ni hiki: angekaa benchi London misimu 2 zaidi, ungemheshimu zaidi? Akasema ndiyo, kwa sababu jezi ni jezi. Sijui nimwambie nini mtu kama huyo.

Kinachonishughulisha zaidi ni mlango. Sheria ya vibali ya Uingereza imebadilika tangu nchi hiyo itoke Umoja wa Ulaya, sasa ni mfumo wa pointi, lakini nafasi ya timu yako ya taifa kwenye orodha ya FIFA bado inahesabiwa. Mtoto wa Muthurwa mwenye kipaji leo bado anabebeshwa mzigo wa Harambee Stars nzima kabla hajaguswa na daktari wa klabu. Na Desemba 2024 uchaguzi wa shirikisho la soka la Kenya ulimpa kiti cha makamu wa rais McDonald Mariga, ambaye 2010 alikataliwa kwa ajili ya orodha hiyo hiyo. Binamu yangu anasema hao wakishakaa ofisini ni wale wale. Mimi nimemwambia tumpe muda, halafu tutagombana vizuri.