Kushuka Pitcairn

Pitcairn, kisiwa cha Pasifiki ya Kusini, hakina uwanja wa ndege, wala gati linaloweza kupokea meli kubwa. Tuliruka kutoka Tahiti hadi kisiwa cha Mangareva, kisha tukapanda meli ya Silver Supporter: zaidi ya saa 30 baharini. Vidonge vya kuzuia kutapika vimezwe kabla ya nanga kung'olewa. Ukishachafukwa, havikai tumboni.

Kisiwa ni mwamba wa volkano wa kilomita za mraba 5 hivi, magenge kila upande. Meli husimama nje ya ghuba ya Bounty Bay, nayo mashua ya wenyeji huja ubavuni. Hapo ndipo pagumu. Mashua hupanda na kushuka na wimbi, nawe uko kwenye ngazi. Sikiliza sauti ya mwenyeji, achia ngazi mashua ikiwa juu kabisa. Ukichelewa kidogo, mashua imeshashuka chini yako, na mguu ukiingia kati ya mashua na meli utasagwa. Usibebe kitu mikononi. Mizigo hushushwa peke yake. Karibu na gati nahodha hungoja, husoma mawimbi, kisha hukimbiza mashua ndani palipotulia.

Ugumu huohuo ndio uliompendeza Fletcher Christian, kiongozi wa mabaharia walioasi katika meli ya Kiingereza Bounty. Mwaka 1767 nahodha Mwingereza Carteret alikiweka kisiwa ramanini akikosea longitudo kwa nyuzi 3 hivi, kama kilomita 300. Latitudo ilikuwa karibu sahihi, kwa hiyo Christian aliifuata hadi akakipata. Tarehe 23 Januari 1790 meli ikachomwa moto hapo ghubani.

Walioshuka ni waasi 9, na Wapolinesia: wanaume 6 na wanawake 12. Wanaume wale walinyimwa ardhi na kufanywa watumwa. Mwaka 1793 wakaasi, damu ikamwagika pande zote mbili. Nahodha Mmarekani Folger alipofika mwaka 1808, mwasi aliyebaki hai alikuwa John Adams pekee. Masimulizi mengi humsifu yeye, na naona hayatendi haki: wanawake ndio waliolea watoto na kuvisha kisiwa kwa nguo za magome walizozitwanga wenyewe. Wajukuu zao wa kike walikuwa wakipiga kura tangu 1838.

Kutoka gatini njia ya Hill of Difficulty hupanda wima hadi kijiji cha Adamstown, ilipo nanga ya Bounty. Wakazi ni kama 50. Maji ni ya mvua, yanayokingwa mapaani, basi oga kwa kiasi. Beba dola taslimu za New Zealand.