Sura mbili, fremu moja: filamu yangu fupi ya Majengo, Moshi

Jumapili, wiki ya tatu

Leo nimefuta picha zote za Jumanne. Zimeniuma, lakini hazitumiki.

Kwa anayeanza kufuatilia sasa: natengeneza filamu ya majaribio ya dakika 6. Haina maneno wala kisa. Kuna mikono, uzi, mlio wa cherehani, na nyuso za mafundi wawili wanawake wanaoshonea katika kibanda kimoja hapa Majengo. Mmoja ana ualbino. Shoga yake ni mweusi tititi, ngozi inang'aa kama mpingo. Miaka tisa wamekaa bega kwa bega, na kamera yangu imeshindwa kuwaona wote kwa pamoja. Nikiiacha ijipimie mwanga yenyewe, uso wa mmoja unaungua mpaka pua haionekani. Nikipunguza, mwenzake anabaki kivuli chenye hereni.

Nimesoma sana wiki hii kuhusu jambo hili na limenikasirisha. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi za picha kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Miongoni mwa waliosukuma mikanda ya picha ya Kodak irekebishwe ni wapiga picha wa matangazo ya samani na chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za kahawia hazitoki vizuri. Yaani kabati na chokoleti vilisikilizwa kuliko sura za watu! Kamera za leo ni bora mno, ila ikijipimia yenyewe bado inavuta fremu nzima kuelekea kijivu cha wastani, katikati ya nyeusi na nyeupe, na mafundi wangu hakuna aliye wa wastani huo.

Alhamisi

Tumefaulu, ila kwanza nilikosea. Niliwasha taa ya LED ikimwelekea usoni fundi mwenye ualbino. Akafumba macho. "Kaka, ukiwasha hiyo mimi sioni hata tundu la sindano." Nilipaswa kujua: macho ya mwenye ualbino huumizwa na mwanga mkali, na uoni wake mara nyingi ni hafifu. Nikazima.

Tukaanza upya saa moja asubuhi, kabla jua halijafika mlangoni. Upande wake nikatundika kaniki inywe mwanga. Upande wa shoga yake nikafunga shuka jeupe, taa nikaielekeza kwenye shuka badala ya watu. Kipimo cha mwanga nikakichukua kwenye shavu la mwenye ualbino, nikapunguza mpaka madoadoa yake yakaonekana moja moja, kisha nikakifunga kisibadilike. Kwa mwenzake sikumwaga mwanga zaidi. Nilisogeza shuka tu, mwanga umjie ubavuni, ukateleza kwenye paji na shavu lililopakwa mafuta. Ngozi nyeusi inachorwa na mng'ao wake. Nilipowaona wote wawili kwenye kioo cha kamera, kila mmoja na rangi yake kamili, nilishindwa kusema kitu.

Jumatatu, wiki ya nne

Mvua juu ya mabati imeniharibia sauti ya siku nzima.

Ila kubwa ni hili. Niliwaonyesha rasimu ya kwanza. Kulikuwa na mikono ikipaka mafuta ya jua, yale ya Kilisun yanayotengenezwa hapahapa Moshi, polepole, karibu kabisa. Niliipenda mno. Fundi mwenye ualbino akatazama mpaka mwisho, akauliza: "Mbona mafuta yangu umeyaweka mara tatu, na shati nililomaliza kushona hujaweka hata moja?"

Nikarudia kuhesabu. Kweli, mara tatu. Kofia mara mbili. Nilitumia wiki nzima kuhakikisha ngozi yake inaonekana sawasawa, halafu nikamwonyesha ngozi peke yake, kama zile filamu za misaada ambazo mtu kama yeye yupo ili aonewe huruma. Ana ufundi wa kola ambao watu wanaufuata kutoka Kiborloni, na mimi nilikuwa nimeukata.

Nimebakisha mafuta mara moja, kwa sababu kweli hupaka kila asubuhi. Filamu sasa inafuata kola moja: chaki, mkasi, pasi ya mkaa, kugeuza ncha kwa sindano. Shoga yake anaonekana akibishana na mteja kuhusu kiuno cha suruali, bila sauti, mikono tu.

Ijumaa

Rasimu ya tatu wameiona kwenye simu, vichwa vimegusana. Fundi ameomba pale anapokata uzi kwa meno parefushwe kidogo. Nimeongeza sekunde 4.