Aironi zangu mpya za gofu, bledi na mpini wa grafaiti
Jamani nimezipeleka uwanjani hizi aironi, fimbo za gofu za kichwa cha chuma, hapa Malindi na wallahi bado naziwaza. Ni bledi, zile za kichwa chembamba kisicho na shimo nyuma, za chuma cha kufuliwa, yaani kipande cha chuma laini cha kaboni kinapashwa moto kikagandamizwa mpaka kikashika umbo, si cha kumiminwa kwenye kalibu, na ukiupata mpira katikati ya uso mkono hausikii kishindo, unaona tu umeshaondoka. Namba 7 ndo imenimaliza, mpira ulipasua upepo wa kusi chini chini ukatua kwenye grini, ile nyasi fupi yenye shimo, ukatulia hapo hapo.

Wengi wakisikia bledi wanajua lazima mpini wa stili, na stili nyingine zinafika gramu 120 na zaidi, huu wangu wa grafaiti, yaani nyuzi za kaboni, uko kama 80 hivi na ule mtetemo wa kwenye kiwiko umepungua sana, raundi inaisha mkono bado mzima.

Ila bledi haitaki mchezo, ukigusa kwenye ncha mpira unakosa nguvu unaenda upande, uzito umekaa nyuma ya katikati, haukusambazwa pembeni. Anayeanza gofu simshauri kabisa.

Na sisi wa pwani tuwe makini, kromu ikichubuka hewa ya chumvi inaleta kutu haraka, zifute na kitambaa kikavu kila ukimaliza, hasa ile mistari ya usoni mchanga unakokwama.

Nani ana bledi huku Malindi ama Watamu tupange raundi Jumamosi?