Maji ya ziwa nayatibu kwa jua, ule unga wa rangi niliutupa

Jamani nimechoka kusikia watu wanaambiana wamwage unga mweupe wa rangi kwenye maji eti jua likiupiga unaua vijidudu. Mi nimeshafanya.

Tuko Ukerewe, maji tunachota ziwani, na mkaa ulivyopanda kuchemsha kila siku siwezi. Shemeji yangu fundi rangi akasoma kwenye simu kwamba titani dayoksaidi, ndo huo unga mweupe wa rangi, ikipata jua inaua bakteria. Na ni kweli kabisa, Wajapani Fujishima na Honda walishaonyesha 1972 kuwa ikipigwa na mwanga inapasua hata maji yenyewe. Basi akaniletea unga kama robo kilo, nikatia vijiko viwili kwenye chupa, nikatikisa, yakawa kama maziwa! Nikalaza juu ya bati kutwa nzima, jioni nachuja kwa kanga, unga unapita, nikaikunja mara nne, unapita, nikaacha mpaka asubuhi, bado ukungu. Nikamwaga yote. Binti yangu anayesoma kemia ndo akanifungua macho: unga wa rangi kiwandani wanauvika utando wa silika au alumina makusudi, usije ukaila rangi ukutani juani, yaani ile kazi tuliyokuwa tunaitaka ndo wameizima. Na hata ule wa maabara ukijaa kwenye maji unaziba mwanga, ndo maana wanaugandisha kwenye kioo.

Sasa hivi natumia jua tu, na sijutii. Chupa za plastiki angavu, zinazoonyesha ndani, za maji ya dukani, lita moja na nusu, lebo natoa. Ziwa likichafuka na mvua nayatuliza kwanza na mbegu za mlonge. Halafu kipimo ninachokipenda: nasimamisha chupa juu ya gazeti, nachungulia kupitia mdomo wa chupa mpaka chini, kichwa cha habari kisiposomeka sianiki. Najaza robo tatu, natikisa vizuri hewa iingie, namalizia kujaza, nalaza juu ya bati saa 3 asubuhi naanua saa 9. Kukiwa na mawingu naacha siku 2, ikinyesha kutwa nachemsha tu hakuna namna. Ndugu zangu wa Arusha, floridi, yale madini ya majini yanayoharibu meno, haitoki kwa jua, msidanganywe.

Mama mkwe alitaka tuyamimine mtungini yapoe, nikakataa, kata inashikwa na kila mkono. Tunakunywa humo humo kwenye chupa.