Kichwa chini miguu juu: jinsi uoga wa kujigeuza kwenye nguzo ulivyonitoka

Niseme mapema, mimi skuwa naogopa nguzo yenyewe, ile ya chuma tunayochezea dansi. Kuzunguka nazunguka, kupanda napanda mpaka karibu na dari, kukaa kule juu nimebana mapaja na mikono nimeachia, hayo yote niliyapata miezi ya mwanzo na nikayapenda sana. Kilichonishinda ni kimoja, kugeuka kichwa chini. Darasa likifika hapo moyo unaanza kunienda mbio, viganja vinatoa jasho, na kiganja chenye jasho juu ya chuma hakishiki, unateleza, ukiteleza uoga unazidi, uoga ukizidi jasho nalo linaongezeka. Wenzangu nilioanza nao wakapita, wakawa wananing'inia kwa goti moja huku wanaongea kama wako sebuleni, mimi nikabaki na mizunguko ya chini karibu mwaka mzima. Naandika kwa ajili ya yeyote aliekwama hapo kwa sababu mimi niliambiwa sana "wacha uoga, jiamini tu" na wallahi hayo maneno hayakunisaidia hata kidogo. Kilichonisaidia ni kujua kushuka.

Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi ndio ilinileta Nairobi, na dansi ya nguzo niliianza kama mazoezi baada ya kuchoka na mashine za jimu. Darasa letu ni la wanawake watupu, wengine wana watoto wakubwa, wengine wametoka ofisini moja kwa moja na mkoba wa laptopu. Nasema hivi kwa sababu najua wengi wakisikia nguzo akili inakimbilia klabu za usiku. Mamangu pia alifikiria hivyo. Nilimuonyesha video za mallakhamb, mchezo wa kule India, hasa jimbo la Maharashtra, watu wanapanda gogo la mbao lililosimamishwa wima na wanajipinda juu yake kichwa chini, na gogo lenyewe linapakwa mafuta ya mbarika. Akaangalia kimya mpaka mwisho, alafu akaniuliza, "Sasa wewe mwanangu hio shingo yako umeifikiria?" Skuweza kumjibu, maana hio shingo ndio nilikuwa naifikiria kila siku.

Hizo video nilimuonyesha mama lakini zikanifaa mimi. Niliziangalia tena na tena, za watoto hasa, nikawa naangalia mikono yao badala ya kuangalia maajabu. Nikaona kitu, hakuna mkono unaoachia kabla mguu haujafunga. Hata mmoja. Mguu unaviringa, unakaza, wanatulia kidogo, ndio mkono unatoka. Mimi akilini mwangu nilikuwa naona kugeuka ni kujirusha tu alafu unaomba Mungu ushike kitu huko juu, kumbe kuna mpangilio na kila hatua kuna sehemu mbili au tatu za mwili zimeshika.

Lakini hilo bado lilikuwa la kuangalia tu. Mambo yalibadilika siku mwalimu aliponikalisha pembeni darasa likiendelea, akaniuliza, "Tuseme umeshageuka, uko pale, miguu imefunga. Unashuka vipi?" Nikafikiria, nikafikiria tena, skuwa na jibu. Akaniambia basi mwili wako uko sawa kukukataza, ungekuwa wangu na mimi ningeukataza. Kwa mara ya kwanza mtu hakuniambia uoga wangu ni wa bure. Akasema kuanzia leo hugeuki, unajifunza kutoka tu.

Na kweli ukifikiria, mwili una sababu zake. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo sana na vimfereji vyenye majimaji, ndio vinauambia ubongo chini ni wapi, sasa ukigeuka ghafla taarifa zote zinabadilika, damu nayo inashukia kichwani, uso unajaa, na macho yanaona kila kitu kinyume. Mtu anakwambia funga mguu wa nje, yaani ule ulio mbali na nguzo, wewe hata wa nje ni upi hujui. Mimi hilo ndilo lilinitisha kuliko hata kuanguka, ile kupotea, kutojua mkono wangu uko wapi na chumba kiko wapi.

Hapa nikatize kidogo kwa jambo la muhimu. Kama una presha ya kupanda, au glaukoma (ule ugonjwa wa macho), au ushawahi kuumia shingo au jicho, au una mimba, usianze haya kabla ya kuongea na daktari, kwa sababu kukaa kichwa chini kunaongeza presha ndani ya macho na hio si ya kujaribu ukaona. Mimi nilienda kupimwa macho na presha kabla, na hata hilo lenyewe lilipunguza wasiwasi.

Basi tukaanzia sakafuni. Unalala chali, nguzo iko karibu na bega, unaishika kwa mikono yote miwili alafu unakunja magoti, unainua kiuno taratibu mpaka miguu inafika kwenye chuma, unafunga goti, unafungua, unarudi chini pingili kwa pingili za mgongo. Huwezi kuanguka kwa sababu uko chini tayari. Kila ninavyorudia, mwili unajifunza ile njia, mguu wa ndani unapita huku, wa nje unapita kule, na ubongo unazoea kuona miguu juu ya uso. Nyumbani nilikuwa nalala kwenye sofa kichwa nimekiachia kwenye ukingo, miguu ukutani, muda mfupi tu mpaka nisikie damu imeshuka, alafu naamka polepole. Siku za mwanzo nilikuwa nasikia kizunguzungu na kichefuchefu, baada ya wiki kadhaa vikaisha. Usile kabla, mimi nikila pilau mchana jioni sijigeuzi, mwili unakuwa mzito na tumbo linapanda kooni. Na mwezi wa Ramadhani niliacha kabisa kugeuka, nilifanya mazoezi ya nguvu tu usiku baada ya tarawehe, maana kufunga na kichwa chini pamoja ni kizunguzungu cha kujitakia.

Baada ya sakafu ikaja ile ya kukaa kwenye nguzo chini kabisa, kiuno kiko usawa wa paja la mtu aliesimama, unakunja miguu umebana mapaja, alafu unalala nyuma taratibu mpaka viganja vinagusa sakafu. Hapo umeshakuwa kichwa chini na hata hujajigeuza. Kutoka ni hivi: viganja vimekaa sawasawa sakafuni, mikono imenyooka, mabega yamekaza, unatembeza mikono kuondoka kwenye nguzo, unafungua mguu mmoja unashuka, alafu wa pili. Hio ya kutoka nilirudia mpaka nikawa naifanya huku naongea na jirani yangu. Ile siku niliyogundua naweza kutoka bila kufikiria, nikahisi kitu kimelegea kifuani, siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Kwa mara ya kwanza kule kichwa chini palikuwa pahali penye mlango.

Kuhusu nguvu, mimi naamini nusu ya uoga wa watu wengi ni misuli inayosema ukweli. Tumbo likiwa halijawa tayari, unalazimika kuruka na kutupa miguu ili ufike juu, na ukitupa miguu hudhibiti chochote, bega linavutwa vibaya, kichwa kinatupwa nyuma, bila shaka utaogopa. Mwalimu wetu alikataza kuruka kabisa. Alitaka usimame na nguzo imegusa ubavu karibu na kwapa, mikono yote miwili karibu na kifua, mabega yashuke mbali na masikio, uvute kwanza mpaka miguu inaondoka sakafuni, magoti yaje kifuani, ndio uegemee nyuma na kiuno kipande. Ukishindwa kuinua bila kuruka, hujafika, rudi kwenye kuning'inia na kukunja magoti. Niliona ni ukali wakati ule, saa hii namshukuru sana. Zoezi lililonijenga kuliko yote ni kinyume chake, unasaidiwa kufika juu alafu unashuka mwenyewe polepole kadiri unavyoweza. Lile linauma tumbo siku ya pili mpaka kucheka shida, lakini kwa mpigo mmoja linajenga nguvu na pia linakufundisha kushuka.

Na pumzi jamani. Mimi nilikuwa nabana pumzi kila nikianza, bila kujua, uso unajaa damu na masikio yanavuma kabla hata sijapanda. Nikafundishwa kutoa pumzi wakati kiuno kinapanda na kuangalia vidole vya miguu yangu mwenyewe. Ukiangalia vidole vyako unajua uko wapi. Ukifunga macho, au ukirusha kichwa nyuma kutafuta sakafu, unapotea palepale.

Msaidizi nae ana namna yake. Mtu akikushika miguu anakuharibia, unakuwa huwezi kufunga. Wangu alikuwa anasimama nyuma yangu, kiganja kimoja chini ya mgongo, kingine karibu na bega, na godoro nene liko chini. Taratibu akawa anatoa uzito, mkono uko pale lakini haubebi kitu, alafu vidole viwili tu, alafu akawa amesimama karibu bila kugusa. Nilimuomba aniambie kila anapobadilisha, asinidanganye kuwa amenishika wakati hajanishika, na hakunidanganya hata siku moja. Hilo nalisisitiza kwa walimu: mwenye uoga ukimdanganya mara moja, umemrudisha mwanzo.

Kuna mambo madogo pia ambayo hayana ushujaa wowote na yalichangia sana. Sisi watu wa pwani tumelelewa na mafuta ya nazi, ukioga unajipaka, sasa siku ya darasa ni marufuku, hata losheni ya asubuhi inabaki kwenye ngozi na jioni unateleza kama samaki. Ngozi kavu ndio inashika, ndio maana tunavaa kaptula fupi, si kwa ajili ya kuonekana. Alafu baridi ya Nairobi mwezi wa saba, chuma kinakuwa cha baridi, mwili wa baridi, havishikani, kwa hivyo tunaipasha moto nguzo kwa kuipanda na kuisugua kwa mapaja kabla ya chochote. Nikirudi Mombasa tatizo linageuka, ni joto na jasho, hapo chaki ya maji, ile ya kupaka viganjani visiteleze, ndio mkombozi. Nguzo zetu ni za unene wa milimita 45, ambazo kwa mkono wangu mdogo zinakaa vizuri, nilishajaribu ya 50 nikaona vidole havifungi na uoga ukanirudia palepale. Na nyuma ya goti panauma, siwafichi, panakuwa na alama ya zambarau na unafikiria umefanya kosa. Ngozi ya pale inazoea baada ya muda, lakini ni vizuri kujua maumivu hayo mapema ili yasikushtue ukiwa kule juu ukaachia.

Siku yenyewe ilipofika haikuwa na kelele. Mwalimu alikuwa anamsaidia mwengine, nikamuomba asimame karibu tu, nikavuta, magoti yakaja, nikaona kiuno kimepita mabega, mguu wa nje ukafunga. Nikaukaza. Nikasikia chuma kimekaa vizuri nyuma ya goti. Nikaachia mkono mmoja, nikaurudisha, nikaachia tena. Alafu nikashuka kwa ile njia yangu, viganja, mikono, mguu, mguu. Wenzangu wakapiga vigelegele mpaka darasa la chumba cha pili wakachungulia, na mimi nikalia, nalia na huku nataka kurudia. Nilimtumia mama video usiku ule. Akanijibu kwa sauti, "MashaAllah, lakini mbona godoro lenyewe jembamba?" Si jembamba, lakini nimefurahi aliangalia mpaka godoro.

Uoga haukufa siku ile. Unanirudia nikikaa wiki mbili bila mazoezi, unanirudia nikiwa nimechoka, na nikiusikia siulazimishi, narudi sakafuni nafanya zile za kulala chali mpaka mwili ukubali. Saa hii nafanyia kazi upande wa kushoto, ambao niliuacha nyuma sana na mwalimu haniruhusu kuongeza kitu kipya kulia mpaka huo ufike, maana ukijenga bega moja tu utakuja kulia baadae. Baada ya hapo ni nguzo inayozunguka yenyewe, na huko najua kutoka kwake ni tofauti, kwa hivyo nimeshamuomba anionyeshe kwanza jinsi ya kuisimamisha.