Deki Mpya ya Mama

Mwaka 2008 mama yangu alikuwa fundi cherehani wa nguo za harusi pale Magomeni, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa inaletwa kwenye diski. Bibi harusi anakuja na dada zake, wanatoa DVD ya filamu ya Kihindi kwenye mkoba, wanasema wanataka mshono kama wa yule msichana wa wimbo wa pili, yule aliyevaa nyekundu. Mama anaitia kwenye deki, anasogeza mpaka kwenye wimbo, anasimamisha picha. Shida ilianzia hapo.

Deki yetu ilikuwa ile nyembamba ya rangi ya fedha, yenye jina ambalo sijapata kuliona tena popote. Ilisoma kila kitu: VCD, MP3, hata diski zilizokwaruzika kama zimesuguliwa kwa mchanga. Kwa hilo naipa heshima yake. Lakini picha ikisimamishwa ilikuwa inatetemeka, mkono mmoja unaonekana miwili, na wekundu wa sari unavuja ukingo wa nguo mpaka kwenye ukuta wa nyuma. Zari ya shingoni ilikuwa doa la njano tu. Mama alikuwa anasogeza kigoda karibu kabisa na kioo, penseli mkononi, anachora anachodhani anakiona, halafu anamgeukia mteja: "Hapa ni maua au ni majani?" Mteja naye hajui.

Zamu yake ya upatu ilipofika, akatangaza kwamba hela ile inakwenda kwenye deki. Baba alitaka tubadilishe mabati ya jikoni, na mabati yalikuwa yanavuja kweli. Wakazungumza jioni nzima. Nakumbuka maneno ya mama yaliyomaliza ule mjadala: "Baba nanihii, cherehani nzuri ninayo. Lakini sindano inafuata jicho, na jicho langu kwa sasa ni deki." Baba akanyamaza kidogo, akasema basi mabati yatasubiri masika yapite.

Tulikwenda Kariakoo Jumamosi, mimi na yeye, tukaingia duka moja la vifaa vya umeme Mtaa wa Aggrey. Kijana wa dukani alimpa shikamoo vizuri, akawasha TV kubwa iliyokuwa ukutani na kuweka diski ya maonyesho: samaki wa baharini, maporomoko ya maji, spika zinanguruma. Watu wakasimama mlangoni kutazama. Mama akasubiri wale samaki wapite, akasema kwa upole, "Mwanangu, samaki nawaona feri. Nijaribie kwa hii." Akafungua pindo la kanga, akatoa DVD ya mteja.

Halafu akaomba jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka iunganishwe kwenye TV ya kioo cha mgongo, inchi 21 au 29, kama ya nyumbani, isiwe hiyo ya ukutani. Na alitaka deki mbili ziwekwe sambamba, ya bei ya chini na ya bei ya juu, diski ileile, wimbo uleule. Sijaona mpaka leo njia bora ya kununua chombo cha picha, na yeye hakufundishwa na mtu. Ndivyo alivyokuwa akichagua vitambaa: mbili juu ya meza moja, chini ya mwanga mmoja.

Kijana akamwita fundi wao kutoka nyuma, mtu mzima kidogo, bisibisi sikioni. Yule fundi ndiye aliyenifungua macho. Aliitazama deki ya kwanza, akatazama namna picha ya wale wachezaji ilivyokuwa inakwenda kwa kurukaruka, akasema, "Mama, diski hii ni NTSC. Za Kihindi nyingi ziko hivyo. Na hii deki wameifunga kwenye PAL." Akatueleza kwamba hiyo ni mifumo miwili ya picha za TV: NTSC ina mistari 480 na picha zipatazo 30 kwa sekunde, wakati PAL, mfumo wetu, ina mistari 576 na picha 25. Deki ya bei ndogo, ili kulazimisha moja iwe nyingine, inatupa picha 5 katika kila sekunde na kuivuta mistari kwa makadirio. Akaingia kwenye mipangilio, akaweka AUTO, na mchezo ukalainika palepale. TV nyingi za wakati ule zilikuwa zinapokea mifumo yote miwili. Hapakuwa na haja ya kubadilisha kitu.

Lakini wekundu bado ulikuwa unavuja. Fundi akachomoa ule waya wa njano. Akasema ndani ya njano mwanga na rangi vinasafiri pamoja, vikifika kwenye TV inabidi vitenganishwe, na havitengani vizuri, hasa nyekundu. Akahamia deki ya pili, ya Pioneer, akachomeka waya tatu, kijani, bluu na nyekundu, ambamo mwanga unapita njia yake na rangi zinapita njia zake. Akabonyeza kusimamisha picha.

Mama akasogea. Sari ilikuwa imekomea pale inapokomea. Mkono ulikuwa mmoja. Fundi akasema kila picha ya DVD hugawanywa nusu mbili, mistari ya witiri na mistari ya shufwa. Deki ya hovyo ikisimama inazionyesha zote mbili hata kama zimechukuliwa nyakati tofauti, ndiyo maana mkono unatetemeka. Hii ina sehemu ya kuchagua nusu moja tu. Sidhani mama alisikia hata nusu ya maelezo hayo. Alikuwa ameweka kidole hewani, karibu na kioo, anahesabu kimoyomoyo. Kisha akaniambia, "Njoo uone. Si maua wala majani. Ni shanga. Shanga mistari mitatu, na zari imepita katikati."

Hapo nilijua kwamba hatutoki dukani bila ile deki.

Bei ilianzia 160,000, mama akaishusha mpaka 135,000 pamoja na zile waya tatu. Ile ya zamani tuliinunua kwa 45,000. Aliuliza pia kama inasoma kanda zote, yaani maeneo ya dunia ambayo diski za DVD hufungiwa, maana shangazi alikuwa Muscat na diski halisi za huko ni za kanda ya 2, wakati Tanzania tumewekwa kanda ya 5. Fundi akabonyeza namba fulani kwenye rimoti, ikafunguka. Akatuonya jambo moja, na naona ni haki niliseme: zile diski za filamu nane kwa moja hakuna deki itakayoziokoa. Diski ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, ukizigawa kwa filamu nane, shanga zinakuwa zimeshatupwa kabla hujanunua. Tangu siku ile mama alikuwa anawarudisha wateja waliokuja na diski za namna hiyo, anawaambia watafute ya filamu moja.

Gauni la yule bibi harusi lilichukua wiki kadhaa. Mama alishona shanga zile mistari mitatu kwa mkono, deki imesimama kwenye picha ileile, sisi watoto tumekatazwa kugusa rimoti. Siku ya kujaribu, bibi harusi alijishika shingoni akaangalia kwenye kioo cha kabati, halafu akamwomba mama aweke tena ule wimbo ili alinganishe. Wakalinganisha. Dada yake mkubwa akaagiza la kwake palepale, la kijani.

Siku hizi wateja wanamletea mama picha kwenye simu, safi kuliko chochote tulichokiona 2008. Bado anawauliza kama wana video yake. Picha, anasema, inampa mbele tu. Yeye anataka mwanamke ageuke, aone mgongo umefungwa kwa zipu au kwa vifungo, na pindo linaanguka vipi akitembea.